Usaha Kwenye Kovu la Kichwa: Dalili za Maradhi ya Mfupa wa Fuvu na Tiba Yake

Kuna kidonda ambacho watu wengi hawakiogopi kwa sababu hakiumi. Mtu ameanguka na pikipiki, au amepigwa rungu, au ameangukiwa na jiwe kwenye mjengo. Kichwa kimepasuka, kimeshonwa, nyuzi zimetolewa na nywele zimeota. Halafu, baada ya wiki kadhaa au hata miezi, pale pale kwenye kovu panatoka tone la usaha. Linafutwa, panakauka. Baada ya siku kumi linatoka tena. Mwenyewe anavaa kofia na kuendelea na kazi.

Makala haya ni juu ya kidonda hicho. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini miaka mingi ya kazi yangu ya utabibu niliifanya Ukambani, upande wa Kola, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Wote. Ni sehemu ya vilima na kona nyingi, na bodaboda ndiyo gari la kila mtu: la mwanafunzi, la mama mjamzito, la gunia la mahindi. Vichwa vilivyopasuka nimeviona vingi huko. Nikirudi nyumbani Pwani naviona vile vile, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, na maneno ninayoambiwa ni yale yale: "Kidonda kimeshapona, kinatoka maji tu."

Jambo ninalotaka likae akilini mwa kila msomaji ni hili: usaha unaotoka na kukauka kwenye kovu la kichwa si ugonjwa wa ngozi. Uhesabu kuwa ni ugonjwa wa mfupa mpaka picha ya hospitali ikanushe.

Mfupa huugua vipi

Fuvu, au bufuru kama wasemavyo wazee wetu, si mfupa mgumu tupu kama jiwe. Lina matabaka mawili magumu, la nje na la ndani, na katikati yake kuna mfupa laini wenye vishimo vishimo kama sifongo, uliojaa damu. Juu ya mfupa kuna utando mwembamba unaoulisha, kisha ngozi ya kichwa. Ngozi hii ina mishipa mingi sana ya damu. Ndiyo maana mkato mdogo tu kichwani humwaga damu ya kutisha, na ndiyo maana pia ngozi ya hapo hupona upesi. Hatari inajificha papo hapo: ngozi inaweza kufunga huku chini yake mfupa umevunjika, umeingiwa na uchafu na umeanza kufa.

Bakteria hufika kwenye mfupa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni mfupa kuvunjika chini ya jeraha lililo wazi, hasa ule uliobonyea ndani, kwa sababu mchanga, nywele na nyuzi za nguo husukumwa hadi kwenye ufa. Ya pili ni upasuaji wa kichwa wenyewe, pale kipande cha mfupa kilichotolewa na kurudishwa kinapoingiwa na maradhi. Ya tatu ni vyumba vya hewa vilivyo nyuma ya paji la uso. Vikivunjika, au vikijaa usaha kwa mafua makali yasiyotibiwa, maradhi huhamia kwenye mfupa wa paji. Bakteria anayeonekana mara nyingi zaidi ni yule wa jamii ya stafilokokasi, ambaye kwa kawaida huishi kwenye ngozi na puani mwetu bila kutudhuru.

Mwenye kisukari, mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, mwenye utapiamlo na mvutaji sigara wako kwenye hatari zaidi, maana mwili wao ni mzito kupigana na maradhi na kufunga vidonda.

Kinachotofautisha mfupa huu na mfupa wa mguu ni jirani yake. Chini ya fuvu kuna ubongo. Mishipa midogo ya damu hupita kutoka kwenye ngozi ya kichwa, ikatoboa mfupa na kuingia ndani, na mishipa hiyo haina vali za kuzuia damu isirudi nyuma. Kilicho nje kinaweza kusafiri hadi ndani. Matokeo yake yanaweza kuwa usaha kati ya mfupa na utando wa ubongo, homa ya uti wa mgongo, jipu ndani ya ubongo, au damu kuganda kwenye mishipa mikubwa ya kichwani.

Kijana wa bodaboda

Nitoe mfano mmoja, bila kumtaja mwenyewe kwa jina. Kijana wa Kisauni alioa Ukambani, akawa anaendesha bodaboda pale Kola. Usiku mmoja aliteleza kwenye changarawe, kichwa wazi, akapasuka juu ya sikio. Alishonwa usiku ule ule, bila picha yoyote kupigwa. Siku kumi baadaye jeraha lilikuwa limefunga vizuri.

Mwezi wa tatu usaha ukaanza. Alinunua kapsuli dukani mara nne. Kila mara palikauka wiki moja, kisha pakafunguka. Nyumbani kwao Kisauni waliambiana ni husuda, wengine wakamtumia dawa ya unga ya kunyunyizia. Mimi nilimwona kwa bahati tu, alipomleta mtoto wake mwenye kikohozi. Nikamwomba avue kofia.

"Hakiumi, daktari," aliniambia.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Hesabu yake ilikuwa miezi mitano. Nilipobonyeza pembeni ya kovu, palibonyea kama unga uliokandwa, na usaha ukatoka kwenye tundu dogo kama la sindano. Nilipomuuliza zaidi, akasema kichwa humwuma alfajiri, lakini yeye alidhani ni upepo wa pikipiki. Nikamwandikia barua ya rufaa siku ile ile.

Picha ya CT ilionyesha mfupa ulioliwa na kipande kilichokufa katikati. Wapasuaji walipofungua walikitoa kipande hicho, wakakuta na nywele zilizokuwa zimenasa kwenye ufa tangu siku ya ajali. Chini yake kulikuwa na usaha juu ya utando wa ubongo, lakini utando ulikuwa haujatoboka. Mkewe aliuza ng'ombe, Kola wakafanya harambee, na Kisauni wakafanya yao. Yu hai na anafanya kazi. Lakini zile kapsuli mara nne hazikumtibu. Zilimfichia ugonjwa tu, na katika muda huo usaha ulikuwa ukisogea kuelekea ubongoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa chini ya kofia.

Dalili za kuangalia

Dalili zinaweza kuanza wiki chache baada ya ajali, miezi, na wakati mwingine hata miaka. Mwende hospitali mkiona mojawapo ya haya kwa mtu aliyewahi kuumia au kupasuliwa kichwa:

- Kovu linatoa usaha au majimaji, linakauka, kisha linafunguka tena.
- Kidonda cha kichwa hakijafunga baada ya wiki mbili au tatu, au mfupa unaonekana ndani yake.
- Uvimbe laini, wenye joto au usio na joto, umetokea juu ya mfupa au kwenye paji la uso siku nyingi baada ya ajali.
- Maumivu ya kichwa yasiyoisha, hasa mahali palipoumia.
- Homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, au harufu mbaya kichwani.

Tofautisha uvimbe huu na nundu inayotokea papo hapo mtoto akijigonga. Nundu ile kwa kawaida ni damu iliyovilia chini ya ngozi, na hunywea yenyewe kwa siku au wiki. Usiichome sindano wala kuikata, maana kufanya hivyo ni kuwafungulia bakteria mlango. Lakini mtoto akitapika, akilegea au akilala isivyo kawaida, mpeleke hospitali bila kungoja.

Dalili zifuatazo ni za dharura, za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana: degedege, kutapika mfululizo, usingizi mzito au kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa, jicho kuvimba au kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, na maji meupe kutoka puani au sikioni baada ya ajali.

Si maradhi mapya

Mwaka 1760 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza uvimbe laini unaotokea kichwani mwa mtu aliyepigwa, akaonyesha kwamba chini yake mna usaha na mfupa unaougua. Hadi leo madaktari duniani huuita uvimbe huo kwa jina lake. Wakati ule hakukuwa na antibiotiki. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na ikaanza kutumika kwa wengi miaka ya 1940.

Hapa kwetu Kenya, Wagusii walikuwa na mabingwa wao wa kichwa, aliyeitwa omobari. Mtu aliyepigwa kichwani akabaki na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwake. Omobari alifungua ngozi na kukwangua mfupa kidogo kidogo. Watafiti wa karne ya 20 waliandika juu ya kazi hiyo, na wagonjwa wengi waliishi baada yake. Sisemi mtu aende kwa omobari leo. Hatari ya kuvuja damu na kuingiwa na maradhi ni kubwa, na hospitali zipo. Nasema wazee wale walijua jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: maumivu yanayobaki baada ya pigo la kichwa hutafutwa kwenye mfupa, hayapakwi dawa juu ya ngozi.

Vipimo hospitalini

Ukifika, eleza ajali yote hata kama ilitokea mwaka jana. Sema lini, ulipigwa na nini, nani alikushona na ni dawa gani umeshatumia. Usifiche zile za dukani.

Eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha mfupa ulioliwa, lakini mwanzoni mwa ugonjwa huonekana safi, kwa hiyo eksirei safi haitoshi kukutoa wasiwasi. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha mfupa vizuri. MRI, pale ilipo, huonyesha zaidi usaha uliozunguka ubongo. Damu hupimwa kuangalia alama za uvimbe wa ndani, na sukari na virusi vya Ukimwi pia vipimwe, maana hubadilisha namna ya kupona.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kuotesha bakteria maabara ili ijulikane ni dawa gani inamuua. Usaha uliofutwa kwa pamba juu ya ngozi hudanganya, kwa kuwa juu ya ngozi kuna bakteria wengine wasiohusika. Kilicho bora ni kipande cha mfupa au usaha wa ndani unaochukuliwa wakati wa upasuaji. Ndiyo sababu daktari anaweza kukuzuia kwa muda usimeze antibiotiki kabla ya kipimo, kama hali yako inaruhusu. Huo si uzembe.

Jambo jingine la kwetu Afrika Mashariki ni kifua kikuu, ambacho nacho huweza kula mfupa wa fuvu. Uvimbe wake mara nyingi ni baridi na hauumi sana. Tiba yake ni dawa za kifua kikuu kwa muda mrefu, takriban mwaka mmoja kwa kile cha mifupa, na kapsuli za kawaida hazikigusi. Kwa hiyo kipande kinachotolewa kipimwe kwa hilo pia.

Tiba yake

Tiba ina miguu miwili, na mmoja bila mwingine hausimami.

Wa kwanza ni upasuaji. Mfupa uliokufa hauna damu, na dawa husafiri kwa damu. Haiwezi kufika mahali ambapo damu haifiki. Mpasuaji hutoa usaha, hutoa mfupa uliokufa mpaka afike kwenye mfupa mzima unaotoka damu, huosha, na huondoa kitu chochote kigeni kama nywele, mchanga au vyuma vya upasuaji wa zamani.

Wa pili ni antibiotiki, na hapa ndipo wengi wanapochoka njiani. Kwa kawaida dawa hutolewa kwa wiki sita au zaidi, za mwanzo kwa sindano au dripu, na baadaye pengine za kumeza. Aina ya dawa huchaguliwa kwa kipimo cha maabara. Cloxacillin, ceftriaxone, metronidazole na vancomycin ni baadhi ya zinazotumika, lakini usinunue yoyote kwa kusoma hapa. Dozi ya mfupa si dozi ya kidonda cha goti. Ukiacha dawa wiki ya pili kwa sababu kovu limekauka, unawaacha hai bakteria waliosalia, na watarudi wakiwa sugu.

Watu huniuliza: je, pale palipotolewa mfupa patabaki wazi? Sehemu kubwa ikitolewa, ubongo hubaki umefunikwa na utando wake na ngozi, na mgonjwa hupaswa kujilinda asijigonge. Baada ya miezi kadhaa, maradhi yakishathibitika kwisha, wapasuaji wanaweza kuweka kiziba cha titani au cha saruji maalumu ya upasuaji. Hakiwekwi mapema, kwa sababu kikiwekwa juu ya maradhi nacho kitaoza.

Wapi, na kwa pesa gani

Mtu wa Kola huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Machakos Level 5, na akihitaji mpasuaji wa ubongo asiyepatikana hapo hupelekwa Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Sisi wa Pwani tuna Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara. Ndugu zetu wa Tanzania wana Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na Zanzibar wana Mnazi Mmoja.

Gharama ni kubwa, na tusidanganyane. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma Kenya ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF, na kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Jiandikishe na ulipe ukiwa mzima. Aliyelazwa tayari hujikuta akihangaika na malipo huku kichwa kinauma. Ukikwama, muulize afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Yupo kwa kazi hiyo.

Kinga huanza siku ya ajali

Kichwa kikipasuka, kandamiza damu kwa kitambaa safi. Ukihisi mfupa umebonyea, usikandamize juu yake. Funika tu kwa kitambaa na ufunge polepole. Kitu kilichochoma kikabaki kichwani kisichomolewe njiani. Usizibe pua wala sikio linalotoa maji. Usiweke majivu, unga wa kahawa, manjano, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Yote hayo nimeyaosha kwenye vichwa vya watu kwa mikono yangu, na kila moja liliacha uchafu ndani.

Ukifika hospitali, una haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kushonwa: jeraha limeoshwa mpaka ndani? Mfupa umeangaliwa kama umevunjika? Na sindano ya pepopunda je? Tabibu mzuri hatakasirika. Kushona ngozi juu ya mchanga na mfupa uliovunjika ni kufungia mwizi ndani ya nyumba.

Na helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi za dunia umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69, na ya kufa kwa takriban asilimia 42. Najua joto la Mombasa, najua dada zetu wanavyochukia helmeti ya abiria iliyovaliwa na watu hamsini. Beba leso au kofia nyepesi ya kuvaa ndani yake. Anayekubeba bila helmeti ya pili, mwache aende, ngoja mwingine.

Leo ukirudi nyumbani, mtazame mtu wako aliyewahi kuumia kichwa. Mwombe avue kofia, au apanguse nywele uone kovu. Kama ni kavu na gumu, mshukuru Mungu. Kama ni laini, au lina tundu, au foronya ya mto wake ina doa la manjano asubuhi, msiende tena dukani kutafuta kapsuli. Nendeni hospitali, na muombe picha.